Kufifisha madoa ya chunusi kwa vitu vya nyumbani: mwongozo kamili wa wiki 12

Wengi wanaoshindwa kuondoa madoa ya chunusi hawashindwi kwa sababu dawa yao ni dhaifu. Wanashindwa kwa sababu ni kali mno. Limau linapakwa usiku, ngozi inawaka, asubuhi uso unang'aa kidogo na mwenyewe anafurahi. Wiki ya tatu, doa lililokuwa kama punje ya harage limekuwa kama kifuniko cha chupa ya soda.

Ngozi nyeusi ina tabia moja: kila inapoumizwa, hujibu kwa kutoa rangi zaidi. Chunusi ilikuwa jeraha la kwanza, limau likawa la pili. Kwa hiyo kila hatua hapa chini imepimwa kwa swali moja: je, inaumiza ngozi? Ikiuma, imetoka.

Maelezo yamelenga anayeishi Goma. Wa Bukavu na Lubumbashi watayatumia vile vile. Tofauti yao ni vumbi na majira, na tutazitaja zinapohusika.

## Vitu vya kuandaa

- Sabuni laini ya uso isiyo na manukato. Ikikosekana, sabuni ya mtoto mchanga. Si ya kufulia, wala si sabuni za "dawa" zenye harufu ya hospitali.
- Losheni nyepesi isiyo na harufu, au Vaseline ya kawaida.
- Krimu ya kuzuia jua yenye herufi SPF na namba 30 au zaidi.
- Kofia yenye ukingo wa sentimita 7 au zaidi, au mwavuli.
- Kimoja kati ya hivi vitatu: jani nene la aloe vera (shubiri), mashanza (maziwa yaliyoganda) au mtindi mweupe usio na sukari wala ladha, nusu glasi kwa wiki, au asali safi, vijiko 3 vya chai kwa wiki.
- Kijiko cha chai, bakuli dogo, uma, na kitambaa laini cha pamba.
- Foronya mbili za kubadilishana.
- Simu yenye kamera.

Fedha zikiwa chache, nunua kwanza krimu ya jua na kofia. Vingine vyote vinaweza kusubiri.

## Hatua ya 1: Jua doa lako ni la aina gani

Osha uso, kaa karibu na dirisha mchana, fumba macho, kisha pitisha ncha ya kidole polepole juu ya doa. Kidole kinajua zaidi ya kioo.

Kidole hakihisi kitu, na doa ni la kahawia au jeusi. Hii ni rangi ya ziada iliyobaki tabaka la juu la ngozi. Ndiyo inayofifia kwa mwongozo huu.

Kidole hakihisi kitu, lakini doa lina rangi ya bluu-kijivu, kama wino uliovujia chini ya karatasi. Rangi imezama tabaka la ndani. Itapungua, ila huchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, na dawa ya kupaka nyumbani haiifikii vizuri.

Doa ni jekundu au la zambarau. Bonyeza juu yake kwa kitako cha glasi angavu. Likififia chini ya glasi, ni mishipa midogo ya damu iliyobaki imevimba, si rangi ya ngozi. Usilipake chochote cha kung'arisha. Likinge na jua, lipe muda.

Kidole kinazama. Hilo ni shimo: ngozi ilipoteza nyama yake. Asali, aloe na maombi havitalijaza. Hiyo ni kazi ya daktari wa ngozi.

Kidole kinapanda juu ya kinundu kigumu, hasa kwenye taya, kifua au mabega. Huenda ni keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua. Usisugue wala usitoboe, maana kila jeraha jipya huikuza.

Sasa piga picha tatu: mbele, shavu la kulia, la kushoto. Dirisha lile lile, saa ile ile, bila mwanga wa simu. Na kabla ya kupiga, ingia kwenye kamera uzime ule mpangilio wa kupendezesha uso. Simu nyingi huja nao umewashwa tayari, na hufanya kwa sekunde moja kazi ya kufuta madoa ambayo wewe utaifanya kwa miezi mitatu. Ukiusahau, picha ya wiki ya 1 na ya wiki ya 12 zitafanana.

## Hatua ya 2: Zima chunusi zenyewe

Kufuta madoa wakati chunusi mpya zinatoka kila juma ni kukausha sakafu huku bomba linavuja. Kama kwa wiki moja unapata chunusi mpya zaidi ya tatu au nne, anza hapa na usiruke.

Kwanza angalia nywele. Chunusi zikikaa kwenye paji na pembeni mwa nywele tu, mshukiwa wa kwanza ni mafuta ya kusukia. Yanayeyuka kwa joto, yanashuka, yanaziba vitundu vya ngozi. Paka mafuta kwenye mistari ya kichwa tu, simama sentimita 2 kabla ya ukingo wa nywele, na ulale na kitambaa kinachofuliwa kila wiki. Foronya nayo ibadilishwe kila baada ya siku tatu au nne.

Motari (waendesha pikipiki) wanaovaa helmeti siku nzima wana tatizo la jamii hiyo hiyo: sponji ya ndani inabana jasho na vumbi kwenye paji. Sponji ikitoka, ifue. Isipotoka, funga kitambaa cha pamba chini yake na ukibadilishe kila siku.

Mafuta ya nazi na ya mawese usoni, acha. Ni mazuri kwa miguu na mikono iliyokauka, lakini kwenye uso wenye chunusi huziba.

Kwa chunusi zenye usaha, farmasi huuza krimu ya peroksidi ya benzoili (kwenye lebo ya Kifaransa: *peroxyde de benzoyle*). Chukua ya asilimia 2.5 au 5, si ya 10. Ya 10 huchoma zaidi bila kusaidia zaidi sana. Paka tabaka jembamba mara moja kwa siku kwenye eneo lote linalotoa chunusi. Onyo: inachujua nguo. Kitenge chako kizuri kikigusa shingo yenye krimu, kitatoka na mabaka meupe yasiyorudi.

Na usikamue. Kukamua hupasua kuta za chunusi ndani kwa ndani, usaha unasambaa chini ya ngozi, na doa linalobaki huwa pana na lenye kina kuliko ambalo lingebaki lenyewe.

Umefaulu ikiwa: wiki mbili zimepita na chunusi mpya ni moja au hakuna.

## Hatua ya 3: Siku 14 za kupumzisha ngozi

Watu huiona hatua hii ni ya kupoteza muda, na ndiyo maana wanafeli. Kwa siku 14 uso unapata vitu vitatu tu: sabuni laini, losheni, kinga ya jua. Kama unatumia krimu ya chunusi ya hatua ya 2, endelea nayo. Hivi vifuatavyo vitoke kabisa, na visirudi hata baada ya siku 14:

Limau na ndimu. Ngozi ya uso ina asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi inapanda) ya karibu 5. Maji ya limau yana pH ya karibu 2. Katika kipimo hicho kila namba moja ni mara kumi, kwa hiyo limau lina ukali wa asidi mara elfu moja kuliko ngozi unayoipaka. Isitoshe, hasa ndimu, zina kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza. Kuungua huko hakuonekani siku hiyo. Huja baada ya siku moja au mbili, na kuacha michirizi meusi iliyofuata njia ya matone. Kuchanganya limau na asali au sukari hakuondoi kemikali hizo.

Bikaboneti. Hii inavuta upande wa pili, pH ya juu ya 8. Inavunja ukuta wa mafuta unaolinda ngozi.

Dawa ya meno, kitunguu saumu, spiriti, siki isiyozimuliwa. Vyote vinaunguza. Kitunguu saumu kibichi kinaweza kuacha malengelenge ya kweli.

Kusugua kwa sukari, chumvi, kahawa au kokwa ya parachichi iliyosagwa. Chembe zake zina kona. Doa haliko juu ya ngozi kama tope, huwezi kulikwangua.

Krimu na maziwa ya kung'arisha. Hapa kuna onyo zito. Kama umepaka krimu kali ya kung'arisha kwa wiki nyingi, usiiache ghafla peke yako. Nyingi zina dawa za jamii ya kotizoni, na ngozi iliyozizoea ikikatiwa mara moja hulipuka: wekundu, kuwaka, vipele uso mzima. Mwone daktari akupangie namna ya kupunguza, ndipo uje hatua ya 4.

Umefaulu ikiwa: uso hauvuti baada ya kuosha, hauwashi ukitoka jasho, na losheni haichomi popote. Kama bado inachoma siku ya 14, ongeza wiki moja.

## Hatua ya 4: Kuosha uso bila kuuchubua

Mara mbili kwa siku: asubuhi na usiku. Maji yawe ya baridi au vuguvugu. Ya moto huondoa mafuta ya asili. Pata povu mikononi kwanza, usipake kipande cha sabuni moja kwa moja usoni. Zungusha kwa vidole sekunde 30, suuza hadi utelezi uishe, kisha kausha kwa kugusagusa na kitambaa cha pamba.

Losheni ipakwe ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu. Ukitumia Vaseline, kiasi cha punje ya harage kinatosha uso wote, usiku tu.

Goma ina vumbi jeusi la mawe ya volkano, na ukishuka kwenye pikipiki baada ya barabara isiyo na lami utalihisi kati ya meno. Vumbi hilo ni chembe ngumu za mawe. Usilifute kwa kitambaa kikavu, kwa maana utakuwa unapiga msasa. Lisuuze kwanza kwa maji matupu, viganja vinne au vitano, ndipo sabuni. Lubumbashi kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi jekundu hufuatana na hewa kavu. Huko osha kwa sabuni usiku tu, asubuhi maji matupu, na losheni iongezwe.

## Hatua ya 5: Kinga ya jua, ambayo ndiyo dawa yenyewe

Laiti mtu angeruhusiwa kufanya hatua moja tu ya mwongozo huu, ingekuwa hii. Mwanga wa jua huamrisha ngozi itengeneze rangi, na doa ndipo mahali ambapo amri hiyo inasikika zaidi. Unaweza kupaka aloe usiku saba na kuharibu yote kwa mchana mmoja sokoni Virunga.

Goma iko karibu kabisa na ikweta, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Mionzi inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Baridi ya asubuhi na mawingu ya Bukavu hudanganya: joto limepungua, mionzi bado inapita.

Kiasi. Kamua mstari wa krimu kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, kutoka shina hadi ncha. Hiyo ni ya uso na shingo. Wengi hupaka robo yake na kulaumu krimu. Kama inakuacha mweupe kama umemwagiwa unga, paka nusu, subiri dakika tano, kisha nusu iliyobaki.

Saa. Dakika 15 kabla ya kutoka, na tena kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Anayekaa ofisini apake asubuhi, na tena kabla ya kutoka mchana. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, kofia au mwavuli juu yake.

Rangi ya krimu. Krimu ya jua yenye rangi ya ngozi ni bora kwa madoa, kwa sababu ina oksidi za chuma (*oxydes de fer*) zinazozuia hata ule mwanga unaoonekana, ambao nao huzidisha weusi kwenye ngozi nyeusi. Ukiikosa, paka krimu ya kawaida kisha fondeti (*fond de teint*, kipodozi cha rangi ya ngozi) ya rangi yako juu yake. Rangi ya fondeti nyingi hutokana na oksidi hizo hizo.

Vioo. Kioo cha dirisha la pembeni la gari hupitisha sehemu ya mionzi. Dereva wa teksi akijiangalia vizuri huenda akaona shavu la kushoto, la upande wa dirisha, lina madoa yaliyokolea kuliko la kulia.

Mafuta ya karoti, ya nazi na ya mawese hayazuii jua kwa kiwango cha kutegemea, hata yakisifiwa namna gani.

## Hatua ya 6: Chagua dawa moja, uijaribu, uipake

Moja. Ukichanganya tatu na uso ukawaka, hutajua ya kulaumu.

Kabla ya uso, paka kiasi kidogo nyuma ya sikio au chini ya taya. Acha muda ule ule utakaoacha usoni, suuza, subiri saa 48. Kukiwa na muwasho, vipele au wekundu, badilisha dawa.

### Aloe vera: kwa ngozi ya mafuta na yenye chunusi bado

Hakikisha kwanza ni aloe vera. Katani na agave zinapandwa kwenye nyua na kwa mbali ni kama ndugu zake, lakini utomvu wake huwasha na kuunguza. Kata kipande: aloe vera hukatika kwa urahisi na ndani ina ute mnene unaopitisha mwanga, katani ina nyuzi ngumu zinazovutika.

1. Chukua jani la nje, la chini, ambalo ndilo lililokomaa. Likate karibu na shina.
2. Lisimamishe kwenye glasi, upande uliokatwa ukiwa chini, dakika 15. Utaona maji ya njano, machungu, yakichuruzika. Hayo ndiyo yanayowasha watu wengi wanaodai aloe imewakataa. Yamwage.
3. Osha jani, kata sentimita 1 ya mwisho iliyokuwa kwenye glasi, ondoa miiba ya pembeni, kisha menya ganda la kijani la upande mmoja.
4. Chota ute, suuza chini ya maji hadi usiwe na chembe ya njano, uponde kwa uma.
5. Paka kijiko 1 cha chai kwenye uso safi. Dakika 20, suuza, losheni. Kila usiku.

Ute unakaa friji siku tatu, si zaidi. Na kwa kuwa umeme hukatika, ni afadhali ukate kipande cha sentimita 5 cha siku hiyo, uliobaki ufunge mdomo wa jani kwa plastiki. Ute ukigeuka wa pinki au ukinuka, tupa.

### Mashanza au mtindi: kwa madoa ya kahawia kwenye ngozi iliyotulia

Maziwa yaliyoganda yana asidi ya laktiki, karibu asilimia 1. Asidi hiyo hulegeza chembe zilizokufa juu ya ngozi zidondoke kwa wakati. Krimu za dukani zina asilimia 5 hadi 10, kwa hiyo usitarajie kasi ile ile. Faida ya mashanza ni upole.

Tumia ya maziwa yaliyochemshwa, ya siku hiyo au ya jana. Chota sehemu nzito, vijiko 2 vya chai, paka kwa vidole ukiacha macho, midomo na chunusi yoyote iliyopasuka. Mara ya kwanza dakika 5. Wiki ya pili dakika 10. Usipite 15. Mara mbili kwa wiki, hatimaye tatu. Suuza kwa maji ya baridi, paka losheni.

Kuchonyota kidogo kwa dakika ya kwanza ni kawaida. Kuchoma si kawaida: suuza hapo hapo.

Makosa mawili hurudia. La kwanza ni kuacha ikauke kabisa hadi uso ukakamae, kisha kuikwangua. La pili ni kutumia yoguti tamu ya matunda. Sukari na rangi havina kazi usoni.

### Asali: kwa ngozi kavu au iliyokasirika

Tuseme ukweli: asali haifuti rangi kwa nguvu. Inavuta unyevu, inatuliza, na ngozi iliyotulia hujitengeneza yenyewe. Kwa mkazi wa Lubumbashi mwezi wa Julai, midomo ikiwa imepasuka kwa ukavu, inaweza kuwa chaguo bora kuliko hizo mbili. Kijiko 1 cha chai kwenye uso wenye unyevu, dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa wiki, suuza kwa maji vuguvugu.

Inunue kwa mrina asali unayemjua. Majaribio ya kupima usafi wake kwa kiberiti au glasi ya maji hayathibitishi kitu. Mwenye mzio wa nyuki au chavua asiiguse.

### Manjano na papai

Manjano hupaka foronya rangi kwa uhakika kuliko inavyofuta doa. Ukiitaka sana, robo kijiko cha chai ndani ya vijiko 2 vya asali, dakika 10, mara moja kwa wiki. Papai liwe bivu kabisa; utomvu mweupe wa papai bichi unaunguza.

## Hatua ya 7: Unachopaswa kuona, wiki kwa wiki

Anza kuhesabu siku ya kwanza ya hatua ya 6. Ngozi ya juu hujibadilisha kwa takriban wiki nne hadi sita, ndiyo maana kujiangalia kila asubuhi ni kujitesa. Picha moja kila wiki ya nne inatosha.

Wiki 1–2. Madoa hayajabadilika. Uso ni laini zaidi na haung'ai mafuta kama zamani. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwa limau.

Wiki 4. Hakuna doa jipya. Hilo peke yake ni ushindi.

Wiki 6–8. Kingo za madoa ya kahawia zinaanza kuchanganyika na ngozi ya jirani, kama chai inapotiwa maziwa. Katikati bado ni nyeusi.

Wiki 12. Madoa mapya, ya miezi michache, yamefifia waziwazi kwenye picha. Ya zamani na ya bluu-kijivu yamesogea kidogo au hayakusogea.

Yakizidi kuwa meusi, uliza kwa mpangilio huu: je, kuna kinachochoma? Je, krimu ya jua ni vidole viwili kweli, na inarudiwa? Je, nimelala na mafuta ya nywele? Karibu kila mara jibu ni moja ya hayo.

Ngozi ya kuzunguka doa ikiwa nyeupe kuliko shingo, simamisha kila kitu. Unajichubua, hufifishi doa.

## Hatua ya 8: Ukihitaji farmasi

Wiki 12 zikipita na picha hazina tofauti, dawa za nyumbani zimefika mwisho wake. Ukienda farmasi, mazungumzo huwa hivi:

"Papa, naomba ile krimu ya kutoa madoa."

"Ya haraka ao ya kawaida, mama?"

Ukisikia "ya haraka", geuza kopo usome. Ukiona *hydroquinone*, *clobétasol*, *bétaméthasone*, *mercure* au *calomel*, rudisha. Haidrokwinoni hutumiwa na daktari kwa muda mfupi na kwa kufuatiliwa. Ikipakwa miaka kiholela inaweza kuacha weusi wa bluu usiotoka. *Clobétasol* na *bétaméthasone* ni zile za jamii ya kotizoni za hatua ya 3. Zebaki (*mercure*, *calomel*) hupenya ngozi na kuharibu figo. Kopo lisilo na orodha ya viungo, au krimu iliyochanganywa na muuzaji mwenyewe, lirudishe bila hata kusoma.

Unachotafuta ni hiki:

- Asidi ya azelaiki (*acide azélaïque*), asilimia 15 hadi 20. Inashughulikia chunusi na doa kwa pamoja. Tabaka jembamba usiku, baada ya wiki mbili asubuhi pia. Kuchonyota kidogo wiki za mwanzo ni kawaida. Kwa kawaida madaktari huikubali hata kwa mjamzito, ila muulize wako.
- Niasinamidi (*niacinamide*), asilimia 4 hadi 5, mara mbili kwa siku. Ni ya upole, inavumiliwa na wengi.
- Adapaleni (*adapalène*), asilimia 0.1. Punje ya njegere kwa uso mzima, usiku, mara mbili au tatu kwa wiki kwanza. Mjamzito au anayetarajia kushika mimba asiitumie.

Usipake hizi usiku mmoja na mashanza. Kinga ya jua inaendelea kama kawaida.

Mwone daktari mapema zaidi, bila kungoja wiki 12, ikiwa una mavimbe ya ndani yanayouma, vinundu vinavyokua, doa lililotokea bila kutanguliwa na chunusi, au doa linalotoa damu au kubadilika umbo. Mjamzito aliyepata mabaka mapana mashavuni pia aonwe. Hayo mara nyingi ni ya mimba, si ya chunusi.

Ukienda, beba picha zako zote na makopo yote uliyowahi kupaka kwenye mfuko mmoja, hata lile ulilopewa na rafiki lisilo na jina. Hilo ndilo daktari atataka kuliona kwanza.